Kimo cha Taa

Kijiko kilianguka sakafuni gizani, kikazunguka kidogo, kikatulia.

Nikasubiri. Mama mwingine angesema okota hicho. Mimi nilishazoea kusubiri kwanza, kwa sababu kwa Gwantwa kitu kikianguka ni habari. Huenda mkono umeteleza tu. Huenda kifafa kimefika na mkono umekwisha kuachia. Nilishika pumzi mpaka nikasikia vidole vyake vikipapasa simenti, kisha akalalamika kwamba kijiko kimekwenda chini ya kitanda na yeye hakioni.

"Kiache," nikamwambia. "Tutakitafuta tukipata jua."

Ulikuwa mchana. Katika mnara wetu mchana ndio wakati wa giza. Jivu la Mlima uliolipuka limelala angani tangu mimi ni msichana wa kutumwa maji, na dirisha letu huleta mwanga mdogo wa rangi ya chai iliyopoa. Umeme wa mchana wote huenda kwenye pampu na mashine za kusaga. Usiku hurudishwa kwenye taa za mimea, ili joto lake lipenye ukutani litupashe sisi tuliolala. Ndivyo ushirika ulivyopanga: sisi tukiamka, mimea inalala, tukilala, yenyewe inafanya kazi.

Kazi yangu ni kupanga taa. Kila jioni kabla umeme haujapanda napita kwenye vichanja, kimoja baada ya kingine, nikipandisha na kushusha taa kwa kamba. Mmea ukirefuka, taa nayo ipande. Ikikaa juu mno, shina huwa jembamba kama mtu anayenyoosha shingo kutafuta harufu ya chakula. Ikikaa chini mno, majani hujikunja pembeni na kuungua. Kipimo chetu ni mgongo wa mkono: unauweka pale jani la juu lilipo, unatulia, na kama ngozi inakuambia ondoka, basi na jani linaambiwa hivyo hivyo.

Ghorofa nyingi ni za maharage, mchicha na viazi. Chumba kimoja tu, juu yetu kabisa, ni cha bangi ya dawa. Bibi Subilaga, jirani yetu, hupenda kusema kwamba marehemu mumewe alichapwa viboko kwa mche mmoja uliojificha kwenye mahindi, na leo ushirika mzima unaupa maji yaliyochujwa na kuufungia mlango usipigwe na upepo. Kila mtoto wa mnara mwenye kifafa ana kichanja chake humo. Mtoto mwenyewe ndiye anayepanda, kwa mkono wake, na jina lake linaandikwa ubaoni, kwa sababu mbegu inayomtuliza huyu haimtulizi yule.

Kichanja cha Gwantwa kilikuwa kwenye maua. Mavuno yalikaribia. Kwenye chupa yetu mafuta ya dawa, yanayokamuliwa kwenye maua hayo, yalibaki unene wa kidole, na mara ya mwisho tulipokatikiwa na mafuta alianguka, akatetemeka muda mrefu, akaamka hana maneno mengi. Alipoteza majina ya rangi zote. Nilimfundisha upya kwa punje za maharage, nyekundu mkono huu, nyeupe mkono ule, mtoto wangu wa miaka mitano akinitazama kama mgeni anayejifunza lugha yetu. Daktari alisema yakirudi maneno tushukuru, kwa maana siku nyingine hayatarudi.

Basi ndiyo maana nilisikiliza kijiko.

*

Bibi Subilaga hakubisha hodi siku ile. Alisukuma mlango, akasimama gizani akihema, akasema, "Mama Gwantwa, njoo umwone mtoto. Jua limeshindwa."

Jua ni taa. Kila nyumba ina moja, taa chakavu nyekundu iliyotolewa kwenye ghorofa za maharage, inayotumia betri ndogo. Inatupa joto na mwanga wa kutosha kumenya viazi. Watoto wa mnara wakichora jua wanachora mstatili mwekundu, na mimi ninayekumbuka lile la kweli huwa sijui nianzie wapi kuwarekebisha. La kwetu halikuwepo. Bibi alikuja kuliazima alipozaliwa mjukuu wake, akaazima na la nyumba ya pili na la tatu, nami nilidhani mtoto anasikia baridi.

Kumbe mtoto alizaliwa na manjano. Bibi aliiona siku ya pili, akafanya alichofanyiwa yeye na mama yake: mtoto wa manjano huwekwa juani asubuhi. Alikusanya majua ya watu, akamlaza mjukuu chini yake, akamgeuza tumbo, akamgeuza mgongo, kwa subira ya mtu anayeanika mahindi. Na kila alipomtazama chini ya taa zile alimwona mwekundu, mzuri, amepona.

Nilimkuta Bupe, mama wa mtoto, ameketi kitandani na maziwa yamelowesha gauni lake. Mtoto hataki kunyonya, akanieleza, tangu jana analala tu, na akilia anatoa sauti ambayo yeye haijui. Mumewe yuko na kikosi cha kuzoa jivu barabarani, upande wa pili wa pale jivu lilipoporomoka na kuziba njia. Simu ya mwisho alisema labda kesho, labda kesho kutwa. Hospitali ya bondeni walipopigiwa walijibu mleteni. Kwa njia ipi, hawakusema.

Nilimtoa mtoto chini ya taa nikampeleka dirishani. Kwenye ule mwanga wa chai nilibonyeza kidole kwenye paji lake, nikakiondoa. Nikambonyeza kifua. Nikamfunua miguu nikabonyeza wayo. Manjano ilikuwa imeshuka hadi nyayoni. Nikafungua jicho lake kwa kidole gumba, na pale palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na rangi ya mafuta ya mawese.

Ndipo akalia. Sauti nyembamba, ya juu, na mgongo wake ukajipinda nyuma kama upinde.

Gwantwa naye alizaliwa na manjano, mwaka ule bado zahanati yetu ina muuguzi. Alimlaza chini ya taa ya buluu, macho kayafunga kitambaa, akanieleza kwamba manjano iko kwenye damu na ikizidi hupanda kichwani, na ikishapanda haishuki. Mtoto huishi, lakini bila masikio, au bila shingo ya kusimama. Buluu ndiyo inayoivunja, alisema. Nyekundu inampasha moto tu.

Sikumwambia Bibi hayo yote. Nilisema, "Bibi, hii taa si jua lile. Inahitajika ya buluu."

Bibi akaanza kuzima zile taa, moja baada ya nyingine, kwa upole, kama anayefunika vyungu.

"Iko wapi ya buluu?" Bupe akauliza.

Wote watatu tulijua ilipo. Maharage yalikwisha kupewa nyekundu tupu zamani, kwa kubana umeme. Buluu ilibaki chumba cha dawa peke yake. Na chumba cha dawa kilikuwa katika usiku wake.

*

Mtu asiyekaa na mmea ule hawezi kujua usiku wake ni kitu gani. Hautoi ua mpaka upewe giza refu lisilokatika, na ukishaanza kutoa ua unalidai giza hilo kila siku, bila ufa. Ukiwashiwa taa katikati, unachanganyikiwa. Unadhani majira yameharibika, unaanza kutoa vifuko vya kiume kati ya maua ya kike, vinapasuka, chavua inaruka, na chumba kizima kinashika mbegu badala ya kushika dawa. Kwa hiyo mlango una mapazia mawili. Tunaingia bila simu, bila viatu vyenye chuma kinachong'aa. Hata hirizi ya shaba mtu anaivua. Kuna sheria ndefu ya ushirika, lakini akina mama hatujawahi kuihitaji; tunapita kwenye ule ukumbi tunanong'ona, kana kwamba ndani kuna wagonjwa wamesinzia.

Mzee Mwaisaka, msimamizi wa ghorofa, ndiye mwenye ufunguo. Nilipanda na Bupe, mtoto na Bibi, tukamkuta kwenye kiti chake mbele ya pazia la kwanza. Mjukuu wake Ipyana ana kichanja humo, jirani kabisa na cha Gwantwa.

Alinisikiliza. Akashauri tungoje jioni, taa zitakapowaka zenyewe, mtoto alale chini yake usiku kucha na hakuna kitakachoharibika. Lilikuwa wazo zuri na mimi mwenyewe nilikuwa nimelishikilia ngazi zote nilizopanda. Nilimweleza kuhusu mgongo unaojipinda. Nikamweleza kwamba hata tukingoja jioni, taa ya usiku mmoja haitoshi. Kesho mchana atahitaji tena, mimea ikiwa imelala, na kesho kutwa. Akauliza kama siwezi kuing'oa taa moja nikaipeleka nyumbani kwao. Akajijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo, maana anajua kama ninavyojua mimi: taa za buluu, tofauti na majua yetu ya betri, zinanyonya umeme kwenye reli zinakoning'inia, na taa ikitoka kwenye reli ni bati tu. Reli ya chumba kile ina betri yake, kwa ajili ya feni. Hapo ndipo pekee.

"Atakayeonekana amevunja usiku anatolewa mnarani," akasema. "Unajua, Mama Gwantwa."

"Najua, baba."

"Na watoto wetu?"

Nyuma yangu mtoto wa Bupe akalia tena ile sauti. Mzee alishituka, akaishika mikono yake kati ya magoti. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilikimbia tangu dirishani.

"Kichanja kipi kitakaa mwangani?"

Kati ya kichanja cha Ipyana na cha Gwantwa, ambacho ni cha mwisho ukutani, kuna meza ya miche. Msimu wa maua huwa tupu, na juu yake kuna taa inayopanda na kushuka. Nilisema tutamlaza hapo, tutaweka blanketi pande zote, na nikiishusha taa chini kabisa hakuna mwanga utakaotoka. Nilisema hivyo na nilikuwa naamini. Alinipa ufunguo.

*

Tulifanya kazi kwa kupapasa. Bupe na Bibi, mkwewe, walinipa blanketi gizani, nami nikazifunga kwenye nguzo za vichanja viwili, zikawa kama kihema juu ya meza. Harufu ya maua ilikuwa nzito. Nilipita nikigusa majani ya Gwantwa kwa bega, na yalinata, jinsi yanavyonata yakikaribia. Nilizikata taa nyingine zote kwenye reli, nikabaki na moja. Nikaishusha hadi shibiri moja juu ya meza. Bupe alimlaza mtoto uchi kasoro nepi, akamfunga macho kwa kipande cha kanga yake. Bibi akanong'ona dua.

Nikawasha.

Buluu ilijaa mle ndani ya kihema, na nje, nilipochomoa kichwa, kulikuwa giza. Giza kamili. Nilitaka kucheka. Nilirudi ndani nimwambie Bupe kwamba tumeweza.

Halafu nikaweka mgongo wa mkono wangu juu ya kifua cha mtoto.

Ngozi iliniambia ondoka.

Taa zetu hazina kupunguza. Ni kuwaka au kuzima. Zilitengenezwa kwa jani, na jani lina maji yanayopita na feni inayopuliza. Mtoto alikuwa na siku chache duniani, ndani ya blanketi, chini ya bati linalochemka. Tayari jasho lilimtoka kwenye mikunjo ya shingo. Bupe alinitazama, uso wake wa buluu kama wa mtu aliye chini ya maji, bado hajajua.

Muuguzi yule aliiweka taa ya Gwantwa dhiraa moja. Kiwiko hadi ncha ya vidole. Alinionyesha kwa mkono wake. Dhiraa moja ilikuwa juu ya ukingo wa blanketi zetu. Nikipandisha, mwanga unamwagika pande zote mbili. Tulikuwa tumeleta blanketi zote za nyumba mbili. Zikirundikwa zingetosha kuziba upande mmoja mpaka juu. Mmoja tu.

Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Naomba nieleweke: sikuwaza sheria wala kufukuzwa. Niliwaza kwamba Ipyana ni mvulana mkubwa. Kifafa chake si kikali kama cha Gwantwa, kila mtu husema hivyo, huanguka akainuka akaenda kucheza. Niliwaza kwamba babu yake ni msimamizi, hatakosa mafuta. Niliwaza kwamba giza lile lilinificha, na kwamba blanketi zikihamia upande huu badala ya ule hakuna atakayeuliza ni mkono wa nani ulizihamisha. Mawazo hayo yalikuja kwa sauti ya upole sana, sauti yangu mwenyewe ninayombembelezea mwanangu.

Mtoto alifungua mdomo na safari hii hakulia. Alifungua tu.

Nilizifungua blanketi za upande wa Gwantwa, nikazipandisha juu ya zile za Ipyana, nikazikaza hadi dari. Mzee Mwaisaka alikuwa ameingia. Nilimtambua kwa kikohozi. Alivua koti lake akaziba mwanya uliobaki juu, upande wa mjukuu wake, kisha akavua na sweta, akabaki na fulana, akaangalia upande mwingine uliokuwa wazi, akaangalia mikono yake mitupu.

Nikavuta kamba. Taa ikapanda. Nikapima kwa kiwiko na vidole, nikaifunga fundo.

Mwanga ulikwenda wote kwenye maua ya mwanangu. Sikuwahi kuyaona kwa buluu peke yake. Yalikuwa meusi, yamejaa vijitone vinavyometa, kama yamenyeshewa mvua tuliyokuwa tukihadithiwa. Nikaweka tena mkono juu ya kifua cha mtoto, na safari hii ngozi ilisema kaa.

*

Siku ya pili mtoto aliamka akitafuta ziwa. Bupe alilia kwa nguvu mle chumbani, kinyume cha taratibu zote, na hakuna aliyemnyamazisha.

Barabara ilichelewa kufunguka. Taa iliwaka mchana na usiku, na tulipokezana kukaa naye, kumgeuza, kumpa maziwa ya mama yake kwa kijiko. Nami kila zamu yangu nilipita kwenye maua ya Gwantwa nikiyakagua kwa ncha za vidole, nikiomba kwamba mmea huu utakuwa mwerevu kuliko mingine.

Haukuwa. Vifuko vilitokea kwenye shina la kwanza, vidogo, vya njano, vimejikunja kama ndizi changa. Kesho yake vilikuwa kwenye mashina yote. Nilijua la kufanya kabla Mzee Mwaisaka hajaniletea mkasi. Vikipasuka, chavua ingefika kwa Ipyana na kwa wengine, na blanketi zile zote zingekuwa zimefungwa bure.

Gwantwa alitaka kuja. Yeye ndiye aliyeipanda mimea ile. Alishika mfuko, nikakata, akauliza kama ilikuwa inaumwa. Nikamwambia haikulala. Akaelewa, au alionekana kuelewa. Aliyafunga mashina yale kwa shuka lake la kulalia, akayabeba ngazi zote bila kupumzika.

Maua machanga tuliyakamua hivyo hivyo. Yalitoa mafuta mepesi ya kijani, yenye uchungu, na hayakujaza hata kizibo cha chupa. Niliyachanganya na yale ya chupani. Nikapunguza matone. Ushirika ulikaa kikao juu yangu, na Mzee Mwaisaka, nilivyosikia kwa Bibi Subilaga, alisimama akasema yeye ndiye aliyefungua mlango, basi wakitaka kutoa watu waanze na mwenye ufunguo. Waliahirisha. Meza ile ile ya miche nilipewa nipande upya, na Gwantwa akazika mbegu kwa kidole chake, moja moja, akizisimulia habari za mtoto aliyelala pale. Zitachukua muda mrefu. Mimi nilijua ni mrefu kiasi gani, na nilijua chupa ina kiasi gani, na kila usiku nilijaribu kutoyalinganisha hayo mawili.

*

Siku barabara ilipofunguka Bupe alikuja kutuaga. Mumewe alikuwa amefika usiku, amevaa jivu hadi kope, na sasa wanampeleka mtoto bondeni akapimwe damu. Alikuja nalo jua letu chini ya kwapa. Bibi Subilaga alimfuata nyuma akisema kwamba kuanzia sasa katika mnara huu mtoto mchanga ataangaliwa dirishani, na anayetaka kumwangalia chini ya taa aende akaangalie maharage.

Nilikuwa nawacheka. Gwantwa alikuwa mezani na uji wake.

Kijiko kilianguka.

Hakikufuatiwa na vidole. Nilipogeuka alikuwa tayari anakwenda upande, macho yamepanda, na nilimdaka bega kabla kichwa hakijafika sakafuni. Nikamlaza ubavu. Bibi alisogeza meza. Bupe aliduwaa mlangoni na mtoto wake kifuani, na nilimwona akielewa, jambo moja baada ya jingine, blanketi zile zilikuwa zimehamishwa kutoka wapi.

Kilichukua muda. Nilimshika mwanangu taya, nikamwambia nipo, nipo, mama yupo, kama unavyomwambia mtu aliye upande wa pili wa mto mkubwa. Mikono yake ikapiga, ikapiga, ikalegea. Halafu ukaja ule ukimya ninaouogopa kuliko mtetemo wenyewe, anapofumbua macho na kunitazama, na sijui kama amerudi na vitu vyake au amerudi mikono mitupu. Nilimwita jina. Hakujibu. Nilimwonyesha kijiko, nikamuuliza hiki nini. Midomo yake ilijaribu umbo, ikaliacha.

Bupe alipiga magoti pale sakafuni. Hakujua afanye nini na mikono yake, basi akafanya jambo moja alilokuwa nalo. Alimfunua mtoto kanga usoni, akamsogeza karibu na dirisha, karibu na Gwantwa. Mtoto alikuwa macho. Alitazama mwanga wa chai, akapepesa.

Gwantwa alimwangalia. Alimwangalia kwa muda, kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiziangalia punje za maharage mkononi mwangu.

"Macho yake ni meupe," akasema.